Bi Gaynor na Jukwaa la Kusimama

Msichana aliyeingia saluni asubuhi ile hakuja kutengeneza nywele. Gaynor Outhwaite alilijua hilo kabla mlango haujajifunga nyuma ya mgeni, maana kichwa cha msichana kilikuwa kimefungwa ushungi wa kijani uliobanwa vizuri kwa pini, na macho yake hayakutafuta kioo wala bei zilizobandikwa ukutani. Yalimtafuta Gaynor mwenyewe.

Machale yakamcheza. Gaynor alikuwa mtu wa machale tangu ujana, na mji mzima wa Ransby ulimjua hivyo. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Sinema alikwenda mchana, siku ambazo watu ni wachache, akakaa kiti cha pembeni. Siku ya harusi ya binti yake aliwasumbua wenye hoteli mpaka wakasogeza meza ya keki, kwa sababu ilikuwa imeziba mlango wa nyuma. Watu walicheka, yeye hakujali. Keki ilihamishwa.

"Karibu, mwanangu," alisema, mkasi ukiwa bado mkononi. "Umekuja kusukwa au umekuja kunitazama?"

"Nimekuja kuongea nawe, Bi Outhwaite, kama una nafasi. Naitwa Shabana Mirza. Natoka klabuni. Mimi ndiye ninayeshughulika na mashabiki."

Mkasi ulisimama hewani. Kwenye kiti alikuwepo Mavis Crabtree, bibi wa miaka themanini na kitu ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa mambo yanayomhusu na mepesi kwa mambo yasiyomhusu kabisa. Akazima mwenyewe mashine ya kukaushia nywele ili asipitwe.

"Klabu gani?" Gaynor aliuliza, ingawa Ransby ilikuwa na klabu moja tu.

"Ransby Town." Msichana akameza mate. Lafudhi yake ilikuwa ya palepale mjini, ya mtoto aliyezaliwa mitaa miwili kutoka saluni. "Serikali imeruhusu tena majukwaa ya kusimama, yale yenye vyuma vya kujishikia. Klabu inafikiria kuyaweka upande wa Kiwandani. Lakini kabla ya lolote tunataka kuzisikiliza familia za usiku ule."

"Kuzisikiliza, au kuziambia?"

"Kuzisikiliza."

"Miaka yote hii masikio yenu yalikuwa wapi?"

Shabana alifungua mkoba wake. Aliweka kadi yake juu ya kaunta, kando ya chupa za rangi ya nywele, akaaga kwa adabu na kutoka nje kwenye manyunyu.

"Katoto kazuri," alisema Mavis.

"Wazuri ndio wanaotumwa," alijibu Gaynor.

Usiku ule ulikuwa wa mwaka themanini na tatu. Upande wa Kiwandani, nyuma ya goli la kaskazini, ulikuwa ngazi za saruji tupu zilizogawanywa kwa uzio, na nyuma yake kiwanda cha mazulia ambako nusu ya wanaume wa mji walifanya kazi. Baba yake Gaynor, Wilfred Outhwaite, alikuwa mmoja wao. Ilikuwa mechi ya kombe na timu kubwa kutoka London ilikuwa imepanda kaskazini kucheza nao, kwa hiyo kila mtu alitaka kuwepo. Gaynor alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mdogo wake, Russell, alikuwa na kumi na tisa.

Foleni ya nje ilipozidi, mtu fulani alifungua lango kubwa ili kupunguza msongamano barabarani. Waliokuwa nje wakamiminika wote kwenye ujia mmoja, wakaingia sehemu ya katikati ambayo ilikuwa imeshajaa. Mbele kulikuwa na uzio wa waya na kilango kidogo cha kutokea uwanjani. Kilango kilikuwa na kufuli. Aliyekuwa na ufunguo hakuonekana.

Gaynor alikumbuka kwamba hakukuwa na kelele kama watu wanavyodhani. Mtu aliyebanwa kifua hapigi kelele. Alikumbuka mikono ya baba yake ikimshika kiunoni na kumpandisha juu, kama alivyokuwa akimpandisha mabegani alipokuwa mdogo, na sauti yake ikisema, "Nenda, nenda tu." Mikono ya watu asiowajua ikampokea, ikampitisha juu ya vichwa mpaka kwenye uzio, akaangukia upande wa pili akiwa na kiatu kimoja. Russell alitolewa baadaye, mbavu zimevunjika, pafu moja limetoboka. Watu wanne hawakutolewa wazima. Wilfred alikuwa mmoja wao.

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili ndilo lililomtia Gaynor sumu. Katibu wa klabu wa wakati huo, mzee mmoja aliyeitwa Dearden, aliwaambia waandishi wa habari kwamba jukwaa lilinuka pombe na kwamba walevi ndio waliosukumana. Wilfred Outhwaite alikuwa muumini wa kanisa la Methodisti. Aliapa mbele ya mchungaji akiwa mtoto kwamba hataonja kileo, na hakuonja, hata siku ya harusi yake, hata siku timu ilipopanda daraja na watu walikunywa barabarani. Wiki iliyofuata mazishi, mama yake Gaynor alikwenda kununua mkate, na mwanamke aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akageuka na kumwuliza, kwa sauti ya huruma kabisa, kama mumewe alikuwa amekunywa sana.

Mama yule alikufa akiwa mzee na hakuna mtu wa klabu aliyewahi kuja kumwambia neno. Dearden naye alikufa. Miaka michache baada ya usiku ule ulitokea msiba mkubwa zaidi katika uwanja wa mpira mjini Sheffield, ambako pia wafu na wenzao walisingiziwa, ndipo serikali ikaamuru viwanja vikubwa viwekwe viti. Kiwandani kukawekwa viti vya plastiki vya bluu. Gaynor alisikia habari zake tu. Hakukanyaga tena pale.

Kwa hiyo kadi ya Shabana ilikaa kwenye kaunta, na kila alipoipitia Gaynor aliitazama kwa jicho la pembeni. Kwa nini sasa? Kwa nini yeye? Familia nyingine zilikuwa zimehama au zimekwisha. Labda walitaka picha: mwanamke mwenye mvi, mtoto wa marehemu, ameshika chuma kipya na kutabasamu. Picha hiyo ingefunga midomo yote. Aliazimia kutomwambia Russell. Tangu usiku ule alikuwa amemlinda mdogo wake kama yai. Russell hakuoa. Aliishi mtaa wa pili, kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na kila Jumapili alikuja kula nyama ya kuchoma na mchuzi kwa dada yake. Neno uwanja halikutajwa mezani. Jumamosi alizimalizia kwenye kibustani chake cha kukodi juu ya kilima, akilima vitunguu.

Ndivyo Gaynor alivyoamini, mpaka Mavis aliporudi wiki iliyofuata.

"Nimemwona mdogo wako Jumamosi," alisema, kichwa kikiwa ndani ya beseni. "Amependeza na skafu."

"Skafu gani?"

"Ya bluu na nyeupe, hiyo ya Town. Alikuwa anashuka barabara ya stesheni na wale wengine. Au nimemfananisha? Macho yangu haya..."

Gaynor alimsuuza nywele, maji yakawa ya moto kidogo kuliko kawaida, Mavis akapiga ukelele.

Fikra yake ilikwenda moja kwa moja kwa yule msichana. Wamemfikia, alijiambia. Mimi nimekataa, wamepita mlango wa nyuma, wamemshika huyu asiyejua kukataa. Jumamosi alifunga saluni mapema, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavaa koti la mvua na kusimama kwenye kona ya mtaa wa Russell, nyuma ya gari la muuza maziwa. Mdogo wake akatoka. Mikononi hakuwa na jembe wala ndoo. Alitembea taratibu, kwa sababu pafu lake lilipiga filimbi kila penye mwinuko, na alipofika chini ya daraja la reli alitoa skafu mfukoni, akaizungusha shingoni kama mtu anayefunga tai ya kazini. Kisha akaingia kwenye kundi la watu wa bluu na kupotea kwenye milango ya chuma.

Gaynor hakumfuata ndani. Alisimama kando ya duka la chipsi, akasikiliza mechi nzima kupitia ukuta: mluzi, nyimbo, matusi kwa refa, halafu mngurumo ulioitikisa mikebe kwenye dirisha la duka. Kila mngurumo ulimfanya ashike ukuta.

Watu walipotoka alimwona Russell akicheka na mtu asiyemjua. Akamwendea.

"Vitunguu vinaendeleaje?" aliuliza. "Vimefunga mabao mangapi?"

Russell aliganda. Rafiki yake akaona hali ya hewa, akayeyuka.

"Mawili," alisema Russell mwishowe. "Tumeshinda, dada."

"Usiniite dada. Tangu lini?"

"Tangu mama alipokufa."

Gaynor alihesabu kichwani akakata tamaa. Ilikuwa zaidi ya miaka kumi. Russell alinunua chipsi, akazimwagia siki, wakakaa kwenye ukuta mfupi wa duka huku manyunyu yakiwalowesha, na kwa mara ya kwanza walizungumza habari za uwanja.

"Na lile jeraha lako la mguuni," alisema Gaynor. "Uliniambia umejichoma na uma wa kulimia."

"Ilikuwa kiti. Tulifunga dakika za mwisho. Watu wa nyuma wakanimwagikia, nikaangukia kiti cha mbele, ukingo ukanichana."

"Unaona sasa? Ndicho ninachosema mimi!"

"Hapana. Ndicho ninachosema mimi." Russell alifuta vidole kwenye suruali. "Kiwandani hakuna anayekaa, Gaynor. Hawajawahi kukaa. Wasimamizi wamepiga kelele hadi wamechoka. Tunasimama miaka yote, ila tunasimama katikati ya viti vinavyotufika gotini, hatuna pa kujishikia. Wakiweka chuma kila mstari, aliye nyuma yangu hawezi kuniangukia, chuma kitamzuia. Na mimi siwezi kumwangukia wa mbele."

"Na wakijaza watu?"

"Kila mtu ana namba yake, kama kiti. Mmoja kwa mmoja."

"Nani atasimama mlangoni kuhakikisha?"

Russell alitafuna chipsi. "Hilo sijui."

"Hulijui. Dearden naye hakulijua." Kisha akauliza kile kilichokuwa kinamchoma. "Nani aliyemtuma yule msichana kwangu?"

"Mimi," alisema Russell. "Shabana aliniuliza nani azungumzwe naye kwanza. Nikamwambia, ukitaka kujua kila kitu kinachoweza kuharibika, nenda kwa dada yangu."

Alidhani ni sifa. Gaynor aliinuka akaondoka, akamwacha na karatasi ya chipsi. Jumapili ile hakumwekea sahani. Jumapili iliyofuata pia hakumwekea.

Lakini kadi hakuitupa. Mwishowe alipiga simu, akamwambia Shabana kwamba atakuja, kwamba ataingia kwa mlango anaoutaka yeye, na kwamba hataki kuona kamera yoyote. Mkutano ulifanyika ofisini, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama uwanja. Gaynor alichagua kiti kilichogeukia mlango. Mkuu wa klabu, Julian Penrose, alikuwa mtu wa kusini, mwenye koti zuri na sauti laini kama mafuta ya nywele. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Gaynor hakuigusa.

"Bi Outhwaite, kwanza niseme jinsi ambavyo sisi sote tunasikitika kwa yale yaliyotokea."

"Yalitokea?" alisema Gaynor. "Mvua ndiyo hutokea, bwana. Nyie mlifunga kilango kwa kufuli."

Penrose alitazama meza. Shabana alitazama dirisha. Gaynor akaendelea na maswali aliyokuja nayo kichwani. Je, idadi ya watu itaongezwa? Sasa hivi haitaongezwa, alijibu Penrose, na Gaynor aliliokota lile neno "sasa hivi" akaliweka akiba. Je, milango ya nyuma itakuwa na mtu muda wote? Bila shaka. Bila shaka ya nani? Penrose alicheka kidogo, akagundua yuko peke yake katika kicheko, akaacha.

"Nina sharti moja," alisema Gaynor. "Mseme kwa kinywa chenu, watu wakisikia, kwamba baba yangu hakuwa mlevi. Kwamba mashabiki hawakuwa walevi. Kwamba klabu ilidanganya. Mkisema hivyo, sitawapinga."

"Kusikitika tunaweza," alisema Penrose, akichagua maneno kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. "Lakini kukiri jambo lililosemwa na mtu ambaye sasa ni marehemu... wanasheria wetu..."

Gaynor alishachukua mkoba. Shabana alimfuata hadi maegesho ya magari, ushungi ukipeperuka.

"Bi Outhwaite, mimi ninakuamini."

"Wewe unalipwa na nani?"

"Na wao."

"Basi usiniambie mimi. Waambie wao."

Uamuzi ulikuwa uende kwa mashabiki wenyewe. Klabu iliahidi kwamba wenye tiketi za msimu wakikataa, vyuma havitawekwa. Mkutano uliitishwa kwenye ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, Jumapili mchana. Gaynor alikwenda kwa sababu hakuwaamini kuhesabu kura bila yeye kuangalia. Alikaa mwisho, bega likigusa kitasa cha mlango. Ukumbi ukajaa. Na hapo akaona kitu kilichomkata maini: Penrose aliingia akiwa ameweka mkono begani kwa Russell, akamwongoza jukwaani, akamvutia kiti.

Wamemnunua, alisema moyoni. Sikuitoa picha mimi, wameipata kwake.

Penrose alizungumza juu ya usalama, juu ya viwanja vya Ujerumani, juu ya vyuma vinavyofika kiunoni na viti vinavyokunjwa na kufungwa. Watu walipiga makofi. Kisha akasema kwamba yuko mtu mmoja mwenye haki kuliko wote ya kusema, mtu aliyenusurika usiku ule, na yeye anaunga mkono mpango huu kwa moyo wote. Akampa Russell kipaza sauti.

Russell alisimama. Hakuwa mzungumzaji, na pumzi yake ilisikika kwenye spika kabla ya maneno.

"Ni kweli nataka kusimama," alisema. "Nataka kuliko ninyi wote. Nimekuwa nikisimama hapo kinyemela miaka kumi, nikimdanganya dada yangu kwamba nalima vitunguu."

Watu walicheka. Gaynor hakucheka.

"Lakini baba yangu aliitwa mlevi na klabu hii. Wala hakuwa peke yake. Wapo wengi humu ambao baba zao na kaka zao walikuwa pale, nao waliitwa hivyo hivyo. Nimesikia dada yangu amewaomba jambo moja tu, wamemwambia habari za wanasheria." Akapumua. "Mimi nitapiga kura ya hapana. Nitapiga hapana leo na mwaka kesho na mwaka unaofuata, mpaka waseme. Nikifa sijasimama, basi."

Akamrudishia Penrose kipaza sauti kama mtu anayerudisha bisibisi. Kisha mtu mmoja mnene wa safu ya kati akapaza sauti, "Na mimi hapana!" na mwingine, na mwingine, na mwanamke mmoja akamwuliza Penrose kama alizaliwa hivyo au alifundishwa. Kura hazikuhitaji macho ya Gaynor. Mikono ya hapana ilikuwa msitu.

Alimsubiri Russell nje.

"Ulikuwa umepanga?" aliuliza.

"Sikupanga. Aliponiwekea mkono begani ndipo nilipochukia."

"Una njaa?"

"Sana."

Siku hiyo alimwekea sahani, na nyama ya pili hakuiomba, aliwekewa tu.

Klabu ilijikongoja. Kwanza yalitoka maneno kwenye tovuti, ya kusikitika tena. Mashabiki wakayapokea kwa kuzomea mechi nzima. Shabana, kama ilivyojulikana baadaye, alikuwa ameingia ofisini kwa Penrose na kumwambia kwamba hataandika tena neno kusikitika kwa niaba ya mtu yeyote. Kama wanataka, wamtafute mwingine. Hakufukuzwa, labda kwa sababu kumfukuza kungekuwa kelele zaidi. Mwezi ule ule akaja saluni akasema mwenyekiti wa klabu mwenyewe atazungumza uwanjani kabla ya mechi.

"Atasema nini hasa?"

"Njoo usikie."

"Kwa nini asiseme sasa?"

"Bi Gaynor," alisema Shabana, akionekana amechoka, "njoo usikie tu."

Alikwenda. Alipita mlango wa chuma akiwa amemshika Russell mkono, kucha zikimwingia. Hawakwenda Kiwandani, walikaa upande wa pembeni, karibu na ngazi. Mwenyekiti, mzee mfupi mwenye biashara ya vigae, alisimama katikati ya uwanja na sauti yake ikatoka kwenye spika, ikigongana na mwangwi wake. Gaynor alisikiliza kama mtu anayepekua mchele. Alisubiri "labda". Alisubiri "kama kuna aliyeumizwa". Hayakuja. Mzee alisema watu waliokufa hawakuwa walevi. Alisema lango lilifunguliwa na watu wa klabu na kilango kilifungwa na watu wa klabu. Alisema klabu ilidanganya kuhusu hilo, na kwamba uongo huo ulikuwa wa klabu nzima, si wa mtu mmoja aliyekwisha kufa. Kisha akayasoma majina manne. Alipofika Outhwaite alitamka vizuri.

Uwanja ulisimama. Russell alikuwa analia waziwazi, pua na yote. Gaynor alisubiri furaha ije, haikuja. Kilichokuja ni mama yake, kwenye foleni ya mkate, akiwa na koti lake la kahawia, bila jibu.

"Umeridhika?" Russell alimwuliza.

"Nataka kujua wanataka nini," alisema.

"Wanataka tupige kura tena."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Kura ilipigwa tena na ikapita. Gaynor hakunyoosha mkono upande wowote. Aliahidi kutopinga, na ahadi yake aliishika. Vyuma vilifungwa majira ya joto. Alikwenda kuviona pamoja na Shabana, akavisukuma kimoja kimoja kwa nyonga na kwa bega, akaning'inia kwenye kile cha mstari wa chini huku mafundi wakitazamana. Kimoja kilicheza kidogo. Fundi mkuu alisema ni kawaida. Gaynor alisema yeye haondoki pale mpaka kiache kucheza. Kilikazwa.

Halafu ndipo alipofanya jambo lililowashangaza wote, Russell kuliko wengine. Aliomba kazi. Saluni alimwachia binti yake siku za Jumamosi, akaenda kwenye mafunzo ya wasimamizi wa uwanja pamoja na vijana wa chuo, akapewa koti la njano lililomfika magotini. Alipoulizwa anataka kupangiwa wapi, alisema mlango wa juu wa Kiwandani. Alipoulizwa kwa nini, alisema hamwamini mtu mwingine yeyote kukaa pale.

Mechi ya kwanza, jukwaa lilikuwa limejaa namba kwa namba. Gaynor alisimama juu kabisa, na kazi ilimtaka awatazame watu, si mpira. Akawaona vijana wakiegemea vyuma, wazee wameweka vikombe vya chai juu yake, Russell mstari wa saba akibishana na jirani. Mwanamume mmoja alijaribu kumpitisha rafiki yake mwenye tiketi ya upande mwingine.

"Ni mmoja tu, mama," alisema. "Atabana pembeni."

"Hapa hapabanwi mtu."

"Mmoja tu atafanya nini?"

"Mwambie akanunue chipsi," alisema Gaynor, na akazuia njia kwa mwili wake mpaka rafiki alipogeuka akiondoka na kutukana.

Mpira wa kona ulipigwa. Gaynor hakuuona. Aliona nyuso zikiinuka, vinywa vikifunguka, kisha jukwaa zima likaruka. Mkono wake ulikuwa umeshika kitasa na mdomo umeshafunguka kupiga yowe. Watu walikwenda juu, wakashuka, wakatua palepale walipokuwa, kila mmoja nyuma ya chuma chake, wakikumbatiana kwa pembeni. Hakuna aliyeporomoka. Kikombe kimoja cha chai ndicho kilichoanguka.

Alibaki ameshika kitasa muda mrefu. Baada ya mechi Shabana alipanda ngazi, uso unang'aa.

"Umeona, Bi Gaynor?"

"Nimeona mara moja," alisema Gaynor. "Walikuwa wameshinda na wana furaha. Tuwaone siku wakifungwa."

Walifungwa wiki iliyofuata, na yeye alikuwepo. Mashabiki wakaanza kumwita Komeo. Msimu wa pili aligundua kwamba ofisi ya tiketi imeuza nafasi ambazo hazikuwepo, akafunga mlango na kukataa kuufungua hadi Penrose aliposhuka mwenyewe na kuwahamishia wale wa ziada viti vya pembeni. Kosa la mashine, alisema Penrose. Penrose aliondoka klabuni mwaka ule. Akaja mwingine, mwenye sauti laini zaidi, na siku ya kwanza alipanda Kiwandani kumsalimia mama maarufu ambaye habari zake alikuwa amezisikia. Gaynor alimpa mkono, akamwomba amwonyeshe tiketi.